Mpira wa Mwisho Hauna Saa

Jumatano, tarehe 19 Agosti 2071, saa tisa na dakika kumi alasiri. Naandika na saa kwa sababu watu wa Ofisi ya Mgao wameing'ang'ania kama kupe. Asubuhi ya siku hiyo tulimzika mke wangu, Stumai. Alasiri ofisi ikaandika kwamba yu hai.

Sina shule ya kujisifia. Darasa la nne niliingia, sikulimaliza. Lakini mtu kufa na kuzikwa ni hesabu isiyotaka cheti, na wenye vyeti ndio walioikosea.

Stumai alikuwa dobi. Mtaa wetu unaitwa Madobi kwa sababu karibu kila nyumba inafua: shuka za hospitali, mapazia ya nyumba za wageni, makoti ya maabara. Dobi asiye na maji anakaa tu akitazamana na beseni. Zamani maji yanayoshuka mlimani yaligawiwa na watu, na watu wakawa wanapendelea ndugu zao. Wakubwa wakaja na dawa. Wakasema wanaleta mashine, mashine haina shangazi wala shemeji. Wakasimika Ukuta wa kioo pale njia panda, katikati ya mtaa wetu na mtaa wa Karakana, na ndani ya Ukuta wakaweka mchezo wa mpira wa kikapu. Si ule wa viwanja vya shule wenye refa na filimbi. Ni ule wa uchochoroni, unamsukuma mwenzako unapita.

Kila Jumamosi saa kumi jioni mtaa unatoa mchezaji mmoja. Anavaa bangili, anasimama kwenye mkeka, na mtu wake anatokea ukutani, kichwa kikubwa kama boga, miguu ya panzi. Wewe ukiruka shubiri moja, yeye anaruka mpaka juu ya paa. Ukifunga mara tatu mfululizo mpira unawaka, na sauti iliyomo ndani inapayuka, "Motooo! Madobi wanaunguza!" Wa kwanza kufikisha vikapu saba ameshinda. Mtaa wake unafunguliwa bomba siku tano za wiki, wenzao siku mbili. Wakubwa wakaiita haki. Wao nyumbani kwao bomba halifungwi, sijawahi kumwona hata mmoja juu ya mkeka.

Stumai alituchezea miaka mitatu, na kushindwa kwake nakuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Siri yake ilikuwa kiganja. Mtu aliyekamua shuka za hospitali tangu usichana ana kiganja ambacho hata mashine inashangaa. Alikuwa anapeleka mpira kulia, halafu anausokota kurudi kushoto, na beki wa Karakana anabaki amekumbatia hewa. Watu wakiona bega lake linashuka wanaanza kupiga kelele, "Kamua! Kamua dada!" Kabla ya kutupa alikuwa anafuta kiganja kwenye pindo la kanga, mara moja tu, haraka, kama anayejifuta povu.

Jumamosi ya tarehe 15 alikuwa na homa mpaka meno yanagongana. Nikaenda Ofisi ya Mgao. Afisa wetu ni binti anaitwa Theopista, mpole wa sauti, mkavu wa kila kitu kingine. Nikamwomba mechi isogezwe hata siku moja.

"Baba, ningeweza ningefanya," akasema. "Mfumo hauna kitufe cha kuahirisha."

Stumai akacheza kwenye manyunyu. Akashinda saba kwa tano. Kichomi kikamlaza, na Jumanne magharibi akakata roho, huku bomba letu linamwaga maji aliyoyashinda yeye. Nilimwosha... wanawake walimwosha kwa maji hayohayo.

*

Sasa hapo Jumatano.

Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wetu wao ndio wenye kazi. Tunalia, wao wanacheka. Wanazuia jeneza njiani, wanalala kaburini wakidai ni pazuri kuliko kwao, na tukirudi nyumbani mmoja wao anavaa nguo za marehemu na kumwiga mpaka mfiwa acheke. Mfiwa akicheka, msiba umepumua. Na lolote analofanya mtani msibani halina kesi. Hashitakiwi, hanuniwi, hasemwi. Ndivyo tulivyokuta.

Mtani wetu ni Nkwabi, fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Akaja pale kwenye mikeka ya msiba, akasimama mbele yangu na kiuno kimefungwa kamba.

"We Mluguru, mbona umekaa kama kuku aliyenyeshewa? Nipe kanga za mke wangu."

"Mke wako tangu lini?"

"Tangu alipogundua wewe hujui kupika. Lete kanga. Na ile bangili! Stumai gani huyu asiyekuwa na bangili?"

Bangili ilikuwa imening'inia msumarini, mlangoni. Niliinuka mimi mwenyewe. Niliitoa mimi msumarini, nikampa kwa mkono wangu huu wa kulia. Hili silisemi ofisini, lakini hapa naliandika.

Nkwabi akajifunga kanga, moja akaipiga kilemba, akatoa makalio nje kama bata, akaenda njia panda na waombolezaji nyuma yake. Akapanda mkekani. "Karakana!" akaita kwa sauti nyembamba, "leo nawafua bila sabuni!" Watu wakaanza kucheka na machozi hayajakauka. Ukuta ukawaka: "Karibu, Stumai!" Siku za katikati ya wiki Ukuta uko wazi kwa mazoezi, mchezaji anacheza na kikapu kitupu. Nkwabi akashusha bega, akakamua, akafunga. Akafunga tena. Cha tatu mpira ukawaka, sauti ikapayuka, na bwana yule akageuka kwangu, akaweka mkono mmoja kifuani, wa pili akaunyoosha kama mlinzi wa geti anayemfungulia tajiri, akainama mpaka kilemba kikagusa mkeka. "Pita, bwana mkubwa, pita!"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Saa tisa na dakika kumi.

Bangili haisomi uso wala kidole. Inasoma misuli ya mkono inavyovuta na damu inavyopiga, halafu inalinganisha na mwendo ilioukariri kwa miaka. Nkwabi alikuwa amemtazama Stumai kila Jumamosi miaka mitatu, na kumwiga mtu ndiyo kipaji alichopewa. Ukuta ukalinganisha, ukaridhika, ukaandika: Stumai, hai, amecheza.

*

Wiki ileile wakubwa wakashtuka. Maneno yalikuwa yameenea mjini kwamba dobi amekufa kwa kunyimwa siku moja ya kuugua, na mtu fulani huko juu akaogopa kiti chake. Wakatoa kanuni mpya: mchezaji akiugua, Ukuta utamchezea wenyewe. Una mwendo wake wote, utamtoa ukutani bila mtu mkekani. Wakakiita kivuli. Kivuli kinacheza mpaka mwenyewe apone au afe. Kilichokosekana tarehe 15 kikapatikana tarehe 22.

Na wa kwanza kupewa ni nani? Jumamosi ile saa kumi mtaa umekusanyika, hakuna mchezaji, watu wameshajiandaa kwa siku mbili za maji. Mkeka mtupu. Kwa Ukuta, aliye hai asiyetokea ni mgonjwa. Ukuta ukawaka. "Karibu, Stumai! Tunakutakia nafuu!"

Akatokea. Kichwa kikubwa, kanga ya samawati. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha fundi cherehani, nikashika nguzo. Akamkamua mchezaji wa Karakana vikapu saba kwa viwili. Mtaa mzima ulikuwa kimya mpaka kikapu cha nne, halafu mmoja akasema kwa woga, "Kamua," na wa pili, na wote.

Lakini hakuwa yeye. Makalio nje kama bata. Mdomo wazi, anacheka kila akifunga, Stumai ambaye miaka ishirini na sita sijawahi kuyaona magego yake. Ukuta ulikuwa umeyachukua ya Nkwabi ukayachanganya na yake, na kwa kuwa ya Nkwabi yalikuwa ya mwisho kuingia, ndiyo yaliyokaa juu. Jumamosi baada ya Jumamosi nikaona watu wanamzoea huyo. Mama mmoja jirani akamwigiza dukani ili kuchekesha watu, na alichoigiza ni bata. Nikaona mke wangu anafutika huku anashinda.

Ningeweza kusema ni mashine tupu, nikageuza uso. Kilichonizuia ni kwamba katikati ya vituko vile, mara moja kila mechi, kabla ya kutupa, anafuta kiganja kwenye pindo la kanga. Nkwabi siku ile hakufuta. Nilikuwa pale, najua.

*

Nilibeba kibali cha mazishi nikaenda kwa Theopista.

"Baba Mkude, pole sana," akasema, akakisoma mara mbili. "Tatizo hiki ni cha saa nne asubuhi. Ukuta una kumbukumbu ya saa tisa na dakika kumi, siku hiyohiyo. Mapigo ya moyo yapo. Mfumo unafuata kumbukumbu ya mwisho."

"Binti, nimemzika mimi."

"Sikatai."

"Basi andika."

"Naandikaje? Kama alikufa, basi saa tisa kuna mtu alivaa bangili yake. Hilo ni kosa, kifungo miaka mitano. Nitajie jina, leo hii nakifunga kivuli na marehemu anaandikwa marehemu."

Kumtaja Nkwabi ni kumshitaki mtani kwa kazi ya msibani, na tangu dunia ianze hakuna Mluguru aliyefanya hivyo. Nani angenizika mimi? Theopista akaningoja. Mezani kwake kulikuwa na glasi ya maji imefunikwa kisahani.

"Njia nyingine?" nikauliza.

"Ipo kanuni ya nyumba moja, mchezaji mmoja. Mtu wa nyumba hiyohiyo anaweza kumdai nafasi mkekani. Akimshinda, wa zamani anaondolewa moja kwa moja na yeye anashika nafasi. Lakini baba..." akanitazama magoti. "Umewahi kucheza?"

Sijawahi. Na hata mjinga anaona mtego wake. Nikimshinda Stumai, yeye anapumzika, na mimi ndiye mchezaji wa Madobi. Mimi, mwenye goti linalouma mvua na jua, mbele ya vijana wa Karakana wanaoinua injini. Siku mbili za maji kwa wiki, kila wiki, mpaka nife.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Bi Chausiku alikuwa amekaa mlangoni kwangu, yeye aliyefua na Stumai beseni moja tangu hajaolewa.

"Shemeji, nasikia unataka kumtoa."

"Nataka kumpumzisha."

"Amechoka wapi? Kwani yule pale anatoka jasho?" Akavuta pumzi. "Nisikilize. Nilimwosha mimi. Nikamfunga kidevu mimi. Najua alipo. Yule wa ukutani ni kivuli, na kivuli kinatupa maji siku tano. Binti yangu ana pacha wa miezi miwili. Hospitali imesema tukichelewesha shuka tena wanapeleka kwingine. Stumai mwenyewe alitoka na homa kwa ajili ya maji haya. Wewe leo uyamwage?"

"Unamwona anavyochekwa?"

"Tumechekwa na njaa, shemeji, sembuse hiyo."

Nikaingia ndani. Nkwabi naye akaja jioni, bila kamba kiunoni, bila mzaha. Akasimama mlangoni anafuta grisi mikononi.

"Mtani, niende nikaseme? Mitano si mingi."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Kaa chini unywe chai, Mnyamwezi. Huko watakuchosha kwa ugali mbaya."

Akacheka kidogo. Hatukuzungumza tena hilo.

*

Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba nilipanda mkekani. Theopista alinifunga bangili mwenyewe, akanieleza sheria kama anayemweleza mtoto. Nyuma yangu Madobi walikuwa kimya. Karakana ndio waliokuwa wananishangilia, "Twende baba, mtoe huyo!" na kila kofi lao lilinichoma.

Mtu wangu akatokea ukutani. Kichwa kama boga na upara wangu. Mbele yake Stumai, makalio nje, anadundisha.

Vitatu vya kwanza alifunga sijajua mpira ulipita wapi. Moto. Sauti inapayuka. Watu wa mtaa wangu wakapumua, nikasikia. Cha nne, bega lake likashuka, na hapo mkono wangu ukajua kabla yangu.

Shuka ya hospitali haikamuliwi na mtu mmoja. Mnashika ncha huku na huku, yeye anasokota kulia, wewe kushoto, na usipofuata kiganja cha mwenzako shuka inakuponyoka inaanguka matopeni. Miaka ishirini na sita nilishika ncha ya pili. Watazamaji walijua kamua ya Stumai kwa macho. Mimi niliijua kwa viganja, kutoka upande ule mwingine. Akasokota kulia arudi kushoto, na mimi nikawa nimeshafika kushoto. Nikauchukua mpira kama ninavyopokea ncha. Nikatupa. Ukaingia kwa aibu, umegonga chuma mara mbili.

Vitatu kwa kimoja. Vinne kwa vitatu. Goti linawaka moto lenyewe bila sauti kupayuka. Akanidanganya kwa kucheka, mdomo wazi vile, nikamtazama mdomo badala ya bega, akafunga. "Mtazame bega!" mtu akaniambia nyuma, na nikatambua ilikuwa sauti ya Nkwabi. Vitano kwa vitano. Sita kwa sita.

Kwenye mchezo ule ukifika sita kwa sita, Ukuta unageuka rangi, saa ya kona inazimika. Mpira wa mwisho hauna saa. Aliyebuni mchezo aliona ni utamu, watu wakae roho juu. Anayeushika anaweza kukaa nao atakavyo, na mechi haiishi mpaka autupe au avue bangili. Akivua, ameshindwa. Na mechi isipoisha, hakuna mechi nyingine inayoanza, na mgao unabaki ulivyokuwa.

Mpira ulikuwa wake. Bega likashuka. Nikapokea ncha. Ukawa mikononi mwangu.

Nikageuka, kikapu kiko hapo, na yeye kati yangu na kikapu. Akanitazama. Akafuta kiganja kwenye pindo la kanga, mara moja, haraka. Mchezaji asiye na mpira hafuti kiganja, anafutia nini? Halafu akapiga hatua kando, akaacha njia nyeupe mpaka chini ya chuma. Akaweka mkono mmoja kifuani, wa pili akaunyoosha, akainama mpaka kilemba kikagusa chini.

"Tupa, baba!" Karakana wakapiga kelele. "Tupa, njia ipo!"

"Shemeji," Bi Chausiku akasema nyuma yangu, taratibu. "Shemeji, tafadhali."

Nikashusha mikono. Nikashuka mkekani na bangili mkononi.

*

Leo ni siku ya kumi na moja. Ukutani mtu wangu ameshika mpira, na yeye ameinama, ameshika njia. Maji ya Madobi yanatoka siku tano kwa sababu mechi haijaisha. Bi Chausiku ananiletea uji kila asubuhi, na akiweka bakuli anaangalia kwanza mkono wangu kama bangili ipo. Karakana wamenitupia mawe kwenye bati la jikoni. Theopista amekuja mara tatu. Mara ya mwisho akakaa, akakubali chai.

"Baba, wakubwa wanasema umalize. Hawana kifungu cha kukulazimisha, ndiyo maana wamekasirika."

"Waje wao wavae bangili."

Akatazama kikombe. "Mimi nadhani alikupisha," akasema, kwa sauti ambayo si ya ofisi. "Ila kazi yangu si kudhani."

Hapo ndipo pananiumiza. Kama ni yeye aliyeniachia njia, basi amechoka, anaomba nimtoe, na mimi namshikilia hapo ameinama mgongo siku ya kumi na moja kwa ajili ya maji. Na kama ni kile kituko cha msibani kilichobaki ndani, basi nikitupa nitakuwa nimewanyang'anya maji pacha wa miezi miwili kwa sababu ya mzaha.

Jana nikaenda kwa Nkwabi. Alikuwa anaziba tairi. Nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo.

"Mtani, siku ile ya msiba, uliponiinamia na kusema pita bwana mkubwa. Uliitoa wapi? Ulimwona Stumai akifanya hivyo mahali, ukamwiga? Au uliibuni mwenyewe?"

Akaacha pampu.

"Nilimwiga mambo mengi siku ile," akasema. "Lile... sikumbuki, mtani. Wallahi sikumbuki."

Nyumbani hakuniinamia hata siku moja. Lakini bombani, kwenye mawe ya kufulia, akiwa na madobi wenzake, mimi nimekwenda kupeleka mafungu, mchana wote wa miaka ishirini na sita ambao sikuwepo, nani ajuaye alikuwa anawachekesha kwa kuniiga vipi mumewe? Nimemuuliza Bi Chausiku. Akaangalia bangili yangu kwanza, ndipo akasema hajui, na sijui kama hajui.

Asubuhi hii nimekwenda njia panda peke yangu. Nimesimama mkekani, mpira umo mikononi, chuma kiko wazi. Nikamuuliza kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimuuliza akishika ncha yake ya shuka: Stumai, unanipisha, au unanitania?